Baiskeli Nyekundu, Tarehe Mosi

Mwezi wa kumi na moja nilianza kupiga hodi.
Duka la keki: nafasi zimejaa.
Shamba la stroberi chini ya nailoni: rudi Machi.
Duka la vyakula karibu na stesheni
lilibandika mlangoni KAZI IPO,
na chini yake, kwa kalamu, herufi zimebanana:
wanafunzi wa sekondari, hapana.
Niliingia hata hivyo.
Meneja, Bwana Nishiwaki, alikuwa akipanga mayai.
Hakuinua kichwa. "Hujui kusoma?"
Nikasema najua. Nikatoka.
Nje theluji ya kwanza ya Niigata ilidondoka kidogo,
ikaacha, ikadondoka tena,
kama mtu anayejaribu kalamu kabla ya kuandika.

Ada ya mtihani wa chuo haina subira.
Mama alikuwa amekwisha punguza vinavyopunguzika:
samaki wa Ijumaa, mafuta ya jiko,
gazeti alilolipenda kwa ajili ya chemshabongo.

Mahiro ndiye aliyesema: posta wanatafuta mikono,
kadi za mwaka mpya zinakuja kama mafuriko.
Fomu ilitaka mihuri mitatu,
ya mwalimu, ya mkuu wa shule, na ya Mama,
ule mdogo kama kidole cha mtoto,
unaokaa kabatini na kunuka wino na vitunguu.
Aliugandamiza, akaupulizia, hakusema kitu.

Bi Hatakeda wa posta aliuliza swali moja.
"Unaweza kuendesha baiskeli kwenye theluji?"
"Naweza."
Jioni ile, nyuma ya shule, nilikwenda kuufanya uongo ule uwe kweli.
Nilianguka mara saba.
Ya saba nilicheka peke yangu, tumbo juu.

Desemba nzima tulichambua.
Mtaa, namba, jina, kijishimo chake.
Ulikuwa mwaka wa farasi:
farasi wa dhahabu, farasi wa wino,
farasi wa mtoto fulani, mwenye miguu mitano
na anayetabasamu kuliko wote.
"Nyumba hii usipeleke kitu,"
Bi Hatakeda akaweka kidole kwenye ramani.
"Wamefiwa. Mwaka huu kwao hakuna heri."
Kati ya nyumba mia mbili na kumi
niliikariri hiyo kuliko zote.

Tarehe mosi, asubuhi, mji umelala.
Mzigo mbele, mzigo nyuma, pumzi nyeupe.
Madirishani harufu ya keki za mchele zikichomwa.
Nilipofika kwenye nyumba ile niliacha kukanyaga,
nikajiachia taratibu
mnyororo usije ukalia.

Aliye juu mngoje chini, walisema.
Mimi nilimfuata huko huko juu, nikisukuma baiskeli,
kwa sababu nyumba ya mwisho kilimani ilikuwa na kadi moja tu,
na kadi ilikuwa na jina: Nishiwaki.
Imetoka kwa daktari wa meno.
Heri ya mwaka mpya. Tafadhali usisahau kuja kukaguliwa.

Alikuwa nje na koleo, kavaa nguo za kulalia.
Akaipokea kwa mikono miwili, akainama.
"Pole na kazi. Baridi hii!"
Hakunijua.
Nilikuwa na maneno, nimeyapanga tangu Novemba
safu kwa safu, kama mayai.
Nikasema, "Heri ya mwaka mpya."
Nilipogeuka pale chini kwenye kona
alikuwa bado amesimama, koleo kwapani,
akiisoma mistari ile miwili
kama barua ndefu.

Mshahara ulilipa ada, zikabaki yeni mia nne.
Nilikwenda dukani kwake, nikanunua andazi la moto.
Akahesabu chenji, akanitazama.
"Tumewahi kuonana?"
"Hapana," nikasema.
Uongo wa pili, huu sikuufanyia mazoezi.
Tangazo lilikuwa bado mlangoni.
Nilikula nikitembea, glavu mfukoni,
nikiunguza ulimi.